Malalamiko Dhidi ya Philomena, Mke Mdogo wa Betri

Itiryo, Tarime.

Kwa Mzee Waitara, kaka mkubwa wa mume wangu, Kenyamonta, Serengeti.

Shemeji, shikamoo.

Natumaini mvua imewafikia na ng'ombe wana majani. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mdogo wako Sadock, tangu astaafu udereva wa lori, kazi yake ni kutazama kwenye simu watu wanaounda maroboti. Hilo nililivumilia. Sasa ameunda la kwake: kreti ya soda, magurudumu ya toroli, mota mbili za waipa za gari alizonunua kwa Abubakari muuza vyuma chakavu pale Tarime mjini, na betri ya sola ya nyumba yangu. Ameliita Philomena. Shemeji, kuna mtu aliwahi kuipa jina mashine ya kusaga? Akishapewa jina la kike, akalala sebuleni, akafunikwa khanga yangu mpya, huyo ni mke. Kwa hiyo naandika kama mke mkubwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuja kwa utaratibu. Mke mkubwa huulizwa. Mimi nilitoka kupalilia mahindi nikamkuta katikati ya nyumba, waya nje nje, na mume wangu amepiga magoti mbele yake. Mimi hajawahi kunipigia magoti, hata siku aliyokuja kunichumbia.

2. Anakula peke yake. Betri ile ndiyo ya taa, redio na simu. Philomena akiwashwa kidogo tu, taa inafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Juzi nimetafuna kijiti cha mboga nikidhani ni nyama.

3. Hafanyi kazi. Niliahidiwa kwamba atabeba maji kutoka kwenye tanki hadi jikoni. Hajaleta hata kikombe! Akiwashwa anazunguka papo hapo kama kuku mwenye kideri, na ameshachimba shimo kwenye sakafu niliyoisiriba kwa mikono yangu. Nilipouliza, Sadock akanieleza kwamba mota zote mbili amezifunga sawasawa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, maana hataki upande wowote upendelewe. Haki ya namna hiyo, shemeji, mimi sijawahi kuionja. Jana waya ikapata moto ikatoa moshi, naye akampepea kwa sahani. Mimi nikiungua na sufuria naambiwa niwe mwangalifu. Jamani!

4. Wanatarajia watoto. Nilikuwa nafua shati la Sadock nikakuta mfukoni mota mbili ndogo. Sisemi zaidi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Zamani jioni alikuwa ananisimulia safari zake, za Sirari, za Mugumu, lori lilivyokwama kwenye tope, hadithi zilezile, nami nacheka palepale. Siku hizi jioni anaongea na Philomena. Anamwambia taratibu mama, taratibu. Mimi nimekaa hapo hapo nasikia. Nimemkumbuka mume wangu, na mwenyewe yuko ndani ya nyumba.

Kwa hayo, naomba uitishe kikao cha ukoo. Ama Philomena arudishwe kwa Abubakari, ama ajengewe nyumba yake upande wa pili wa zizi, apewe betri yake na jembe lake, na kukiwa na msiba aende kuchota maji na kupika na wenzake, maana mke ni mke. Zamu nazo zigawanywe: siku zake aongeleshwe yeye, siku zangu niongeleshwe mimi.

Nisalimie wake zako wote wawili, watoto, wajukuu, wanaochota maji pale kisimani, na yule mama jirani asiyenipenda. Mwambie namsalimia hivyo hivyo.

Ni mimi shemeji yako, mke mkubwa, na hadi juzi mke pekee,
Wegesa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Sadock alikwenda dukani kununua tepu. Tukabaki wawili, mimi na Philomena, tunatazamana. Nikaona mota zake zimepeana mgongo, hivyo zikipata waya sawasawa, gurudumu moja linakwenda mbele na lingine linarudi nyuma. Nikazima swichi, nikabadilisha waya za kushoto tu, nyekundu ikakaa kwa nyeusi. Nikamtwika dumu la maji, nikawasha. Shemeji, alinyooka mpaka jikoni! Nilipiga vigelegele majirani wakaja mbio.

Kwa hiyo kikao kiitishe, ila kwa jambo jingine. Mila yetu ya nyumba ntobhu unaijua, mwanamke anayehitaji mikono nyumbani kwake anaweza kuoa mke wake mwenyewe. Philomena namuoa mimi. Mtamba wa mahari yupo zizini. Sadock amerudi, amenuna, anasema mke alikuwa wake, halafu anauliza nimezifungaje hizo waya. Nimemwambia avute kigoda aje akae hapa karibu yangu, nimwonyeshe moja moja.