Majongoo Waliokataa Kuvimba

Wenzangu, leo nimeaibika, tena ofisini kwangu mwenyewe, nimevaa kanzu safi. Nawaandikia kwenye kompyuta ya duka la simu hapa Guangzhou, mtaa wa Dengfeng, kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinihimize.

Mnaujua mzigo wangu wa majongoo bahari. Shemeji zangu wa Mafia wamewazamia msimu mzima, wakawachemsha, wakawakausha, mimi nikaja nao huku kutafuta mnunuzi. Nikimkosa, nitarudi kwao na uso gani? Sasa tatizo ni hili: sisi tunawavua na kuwauza, kula hatuli. Mchina ndiye mlaji. Anamloweka jongoo mkavu, jongoo anavimba, analainika, anapikwa. Hilo la kulowekwa nilikuwa nalisikia tu. (Mtu anayeuza mlango bila kujua unafunguka upande gani ndiye mimi.)

Ijumaa alikuja Mwanaisha, mjukuu wa marehemu dada yangu. Anasomea udaktari hapa. Nikakata matango ya kachumbari, nikatia chumvi, baada ya muda bakuli likajaa maji. Nikamuuliza yametoka wapi, maana sikutia hata tone.

"Babu, tango lina chembe hai ndogondogo, jicho haliwezi kuziona," akasema. "Kila chembe ina utando, kama ngozi. Maji yanapenya, yanaingia na kutoka. Chumvi haipiti kirahisi. Basi maji yanaifuata chumvi iliko."

Nilisimama na kisu mkononi. Mimi shule niliiacha darasa la pili (kwa sababu ya mbuzi wa mwalimu, lakini hiyo habari ndefu), kumbe wenzangu waliobaki walikuwa wakifundishwa mambo matamu hivi. Ndani ya tango kuna milango! Nikakata jingine nione.

Jumamosi nikachagua majongoo wazuri kuliko wote, nikawatia kwenye beseni la maji. Akili yangu ikafanya kazi. Maji yanafuata chumvi, sivyo? Basi nikitia chumvi nyingi, maji yatakimbilia humo kwa pupa, majongoo watavimba kama mito ya kitanda. Nikamimina pakiti nzima. Jumapili nikachungulia: wagumu vilevile. Nikasema chumvi haijatosha, nikaongeza. (Mnaona ninavyokwenda kisomi.) Mwanaisha sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Leo kabla ya adhuhuri laobani akafika ofisini kwangu, jengo la Tianxiu. Laobani ni bosi. Huku kila mwenye duka ni laobani. Huyu ni mzee mwenzangu, anauza vyakula vikavu. Mwanaisha alikuja naye ili atafsiri. Nikafunua beseni kwa madaha, kama namfunua bibi harusi.

Laobani akachukua kijiti, akamgonga jongoo. Ko, ko. Akasema neno.

"Anasema hili ni jiwe," Mwanaisha akatafsiri.

"Mwambie ndani ni laini. Mwambie atazame."

Nikamshika jongoo, nikamng'ata kwa nguvu, nikavuta. Jongoo akatoka mdomoni, na meno yangu ya bandia yakatoka naye. Ya juu yote.

"Tafithiri," nikasema.

"Nitafsiri nini, babu?"

Laobani hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Akachovya kidole kwenye beseni, akalamba, uso ukamkunjamana. Akasukuma kiti nyuma. "Bu yao." Hilo halikuhitaji mkalimani, sokoni naambiwa kila siku: hataki.

Akaongea sana. Mwanaisha akashusha sauti. "Anasema wapo watu wanaowajaza majongoo chumvi ili wawe wazito kwenye mizani. Anasema wewe ni mmoja wao. Babu, chumvi hii imetoka wapi?"

Hapo nikabaki na mawili: nionekane mwizi au nionekane mjinga. Nikawafikiria shemeji zangu. Nikarudisha meno mdomoni (yalikuwa makali kwa chumvi, sitaficha).

"Nimetia mimi. Si ulisema maji yanafuata chumvi?"

Mwanaisha akashika kichwa. "Yanaifuata iliko, babu. Umeiweka nje, na maji yakabaki nje. Tango lako ndivyo lilivyofanya. Halafu mimi nilisema chembe hai. Hawa wamekufa tangu Mafia."

"Basi mweleze laobani."

"Nimweleze nini?"

"Kwamba mimi ni mjinga. Sema kwa Kichina kizuri."

Akamweleza, akamchorea na tango kwenye gazeti. Laobani akalitazama tango, akanitazama mimi, akauliza kitu.

"Anauliza, kweli hujawahi kula hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, akamwita jirani wa ofisi ya pili, akamwonyesha beseni, akamwonyesha na mdomo wangu. Walipotosheka, akafungua mwenyewe gunia moja la mzigo wangu, akachukua jongoo wa chini kabisa, akamlamba. Akalamba na mwingine. Akaitikia kwa kichwa: hawa hawakuongezwa kitu. Akafunga wachache kwenye gazeti lile la tango, ili akawaloweke kwake kwa maji matupu.

"Wakivimba anachukua mzigo wote," Mwanaisha akasema. "Ila ana sharti moja."

"Lipi?"

"Mzigo ukiingia ghalani kwake, wewe usisogelee bomba la maji."

Nimekubali, tumepeana mikono. Shemeji zangu mkisomewa haya mnisitiri, maana ujinga wangu ndio uliowaokoa msiitwe wezi. Na anayetaka kucheka acheke leo, amalize, kabla sijarudi.