Heri ya Doa

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Keki ya harusi niliyoipamba imetoka na maandishi "Heri ya Doa". Herufi N sijui ilipotelea wapi. Mama mwenye duka akaniita pembeni kuniuliza kama naona vizuri. Nikamwambia naona mpaka ng'ambo ya barabara. Ni kweli. Shida yangu ni ya karibu tu. Mpambaji mwenzangu, tunayemwita Kijogoo, akasema kwa sauti kwamba miwani haiui mtu. Nivae miwani nionekane babu, yeye akabidhiwe keki ya ghorofa tano ya Jumamosi? Thubutu! Nitafanyiwa upasuaji.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa macho kasema si ugonjwa, ni umri. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa. Njia ya kwanza ni leza: jicho moja lirekebishwe lione karibu, la pili libaki na mbali. Nyingine ni kuitoa lenzi yangu na kuweka ya bandia, inayoona karibu na mbali. Ila taa za usiku huweza kuonekana zimezungukwa na duara, na lenzi ya asili ikishatoka hairudi. Nikauliza ipi haina kasoro. "Mzee wangu," akasema, "hiyo bado hatujaipata."
Mzee!
Akashauri nianze kwa kuvaa lenzi ndogo ya kubandika kwenye jicho moja, nione kama nitazoea. Nikasema nitafikiri. Akili ninazo.

Jumatano, 5 Machi
Nimechomoa kioo kimoja cha miwani ya kusomea ya mke wangu, nikaivaa. Jicho moja karibu, jingine mbali. Leza bila leza! Mama mkwe alikuja kutusalimia. Nikammiminia chai, ikaenda pajani kwake. Nikaomba radhi kwa heshima zote, kumbe ninaliomba radhi birika. Mke wangu anauliza kioo chake kiko wapi. Nimekikalia.

Ijumaa, 7 Machi
Nalala sebuleni. Nimerudi kwa daktari kumweleza, kacheka hadi kashika meza. Kasema jaribio langu halipimi lolote, na upasuaji si wa kukurupukia. Kwa keki ya kesho, nivae miwani. Nimenunua mbili, yangu na ya mke wangu. Nimerudishwa chumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Keki imependeza, herufi zote zipo. Bibi harusi amelia kwa furaha. Mama mwenye duka kasema nafanana na mwalimu mkuu. Baadaye Kijogoo akanivuta stoo, akaomba kuijaribu miwani. Akasoma maandishi ya paketi ya hamira. Kisha akauliza kwa kunong'ona nimeipata wapi.

Jumapili, 9 Machi
Miwani ni neema. Leo nimejitazama kwenye kioo kwa karibu, mara ya kwanza baada ya miaka. Mle ndani kuna mtu ana mikunjo kama shati lililolaliwa. Mke wangu anasema ilikuwepo siku zote, naye kaizoea. Mimi sijaizoea. Mtaa wa pili kuna daktari wa ngozi, nasikia anakaza uso kwa njia mbalimbali. Kesho nitaaga kwamba nafuata unga, nipite nikazilinganishe.