Kadi Zisizodondoka

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu, najua unalisoma daftari hili, kurasa zina mafuta yako ya nywele. Lifunge! Kisha ujiulize nani alikutuma umwambie baba yako kwamba cherehani yangu ina wiki mbili haijalia. Sasa ameamua. Nisipopata kazi ya kudumu kufikia Ijumaa, cherehani inaingia stoo na mimi nakaa sebuleni kutazama televisheni. Mimi! Niliyemshonea suruali tangu hajui kufunga zipu.

Kazi ipo. Hospitali inatafuta fundi wa aproni za jikoni. Lakini Madoido, fundi wa chumba cha pili, naye anaitaka. Madoido! Vifungo vyake ukipiga chafya vinaruka.

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu ametoka semina ya wajasiriamali. Anasema siku hizi ili upate kazi lazima ujenge mahusiano. Nikamuuliza yanajengwa kwa kitu gani. Kwa kuongea na watu, kuwasikiliza, na kadi. Hapo kwenye kadi nikamwelewa. Amenichapishia hamsini. Kesho kuna mkutano wa wafanyabiashara, na Bwana Manunuzi wa hospitali atahutubia. Akanionya eti niongee vizuri na watu wawili watatu, nisimwage kadi ovyo. Nimeanza kushona mama yake hajazaliwa, leo ananifundisha!

Jumatano, 5 Machi

Watu hawana shukrani. Kadi nimewapa, wamezidondosha. Moja Madoido ameikanyaga, na kisigino akakizungusha.

Joto likazidi. Wanaume wakavua makoti, wakayaacha kwenye viti, wakaenda kunywa chai. Akili ikanijia. Sindano ninayo, uzi ninao! Kila koti, kadi mfukoni, nikaipiga bandi pamoja na mfuko, mishono mirefu ya haraka, isidondoke. Makoti kumi na moja! La Bwana Manunuzi nikalishona kwa upendo zaidi.

Basi kapanda jukwaani. Kaingiza mkono mfukoni atoe miwani. Mkono haupiti. Kavuta. Bitana ikatoka nje kama ulimi. Kadi yangu ikasomwa kwenye kipaza sauti, jina lote. Madoido kacheka mpaka kakaa chini. Nikatolewa nje.

Kwenye mlango wa jikoni nikamkuta mama mmoja kakaa juu ya ndoo, kamba ya aproni imemkatikia. Nikamgombeza: takataka hii kakushonea nani? Nikaishona palepale. Kumbe ni mpishi wa hospitali, amekuja kusaidia chai ya mkutano. Anasema aproni zao zinawakata shingo, na mfuko uko mbali, vijiko vinatumbukia kwenye sufuria. Nikamuuliza anainamia upande gani, mkono unachokea wapi. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Magoti, wakwe, marehemu mama yake aliyekuwa fundi kama mimi. Nikamwahidi aproni. Kadi ya kumpa sina, zimeisha zote. Siku imepotea bure!

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea aproni yake, maana ahadi ni ahadi. Wapishi saba wameijaribu kwa zamu, wakagombania. Mjukuu anarukaruka, eti hayo ndiyo mahusiano. Nimemwambia anipishe. Ile ilikuwa soga tu. Mwanangu ameshafagia stoo.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEPATA! Aproni arobaini, na kila mwaka nyingine. Barua ameileta Bwana Manunuzi mwenyewe, na koti mkononi nimtengenezee bitana. Anasema wapishi walimvamia ofisini, hawataki aproni za mwingine, wanamtaka bibi aliyewauliza mkono unachokea wapi. Nikamsikiliza kwa adabu. Lakini mimi si mtoto. Jina langu kwenye barua limeandikwa sawasawa kama kwenye kadi. Angelijua wapi? Si mfukoni mwake!

Cherehani haiendi kokote. Mwanangu kaingia chumbani na ufagio wake.

Na wewe mjukuu, acha kucheka hapo unaposoma. Nenda kachapishe kadi mia. Ukirudi pitia uzi mweusi, ule mnene. Mkutano mwingine ni Jumatano, na safari hii nashona mara mbili.