Brokoli ya Mzee Bani

Mzee Xavery alikuwa keshapitisha mguu juu ya baiskeli, kiroba cha mboga kimefungwa kwenye keria, safari ya stendi imeanza, ndipo tairi la nyuma likasema fyuuu. Akaikokota hadi kijiweni kwa Ng'washi, fundi baiskeli, ambaye kwa kuamua ugomvi wa kijiji kizima cha Ntalikwa, Tabora, aliitwa Refa. Xavery mwenyewe walimwita Bani, maana alilima tumbaku Ipole na kuikausha kwenye bani, banda la moto na moshi, mpaka koti lake la kanisani likanuka moshi.

Benchini alikuwepo kijana Nurdini, jina la kijiwe Bando, kaikodolea simu.

"Shikamoo, mzee Bani! Wataalamu wanasema brokoli ndiyo mboga kiboko ya zote."

"Marahaba. Wamechelewa. Ninayo bustanini tangu mvua zikatike."

"Kamba hizo!"

"Kiroba hiki unadhani nimebeba nini? Mama wa mchumba wa mwanangu Justus anashuka basi la Dar leo, anakuja kuikagua nyumba atakayoolewa binti yake. Jioni haingizi kitu mdomoni ila brokoli. Nikamwambia njoo, nimeipanda kwa mkono wangu; naipeleka stendi aione kabla hajafika nyumbani. Akilala njaa huyo, mwanangu hana mke."

Refa akafuta mikono, akafungua kiroba. Majani matupu, mapana kama ungo.

"Vichwa viko wapi?" Bando akauliza.

"Vichwa gani?"

Bando akamgeuzia simu: kitu cha kijani, kama kimti kilichofunga vifundo. Bani akaisogeza simu karibu na macho.

"Hilo si ua?"

"Ndilo linaloliwa, mzee!"

"Sasa mmea ukianza kutoa ua si unalikata upesi, nguvu irudi kwenye majani?"

"Hiyo tumbaku, Bani!" Refa akapiga kelele.

"Nimekata yote."

"Tulia," Bando akasoma. "Wanasema ukikata kichwa kikubwa, vidogo vinatoka ubavuni."

"Vilitoka."

"Afadhali!"

"Nikavinyofoa. Vichipukizi vinanyonya majani."

Refa akakaa chini kwa kicheko, pampu mkononi. "Samadi uliweka?"

"Kila shina."

"Maji?"

"Asubuhi na jioni. Viwavi nimewatoa mmoja mmoja kwa vidole."

"Yaani umelea mtoto vizuri, alipotaka kusema baba ukamziba mdomo! Na hivyo vichwa ukavipeleka wapi?"

"Kwa beberu."

"Ndiyo maana beberu lako linang'aa kama bwana harusi!"

"Hayo majani yaanike bani," Bando akadakia. "Mgeni atavuta jioni."

Bani hakucheka. Refa akainuka, akapuliza vidole kama filimbi.

"Mpira haujaisha. Mgeni anataka brokoli, brokoli yote imo ndani ya beberu. Chinja!"

Beberu alichinjwa siku hiyo hiyo. Mgeni alisema jioni hali nyama, akala majani yaliyoungwa karanga, akaongezwa, akasema brokoli ya Tabora ni laini kuliko ya Dar. Justus alioa. Bando alipanda brokoli kwa maelekezo ya simu, viwavi wakaimaliza. Refa bado anaziba pancha. Bani ana beberu mwingine na matuta mapya ya brokoli; ua likichungulia tu, analikata.