Bakili Kinyozi na Jiwe la Mto Luhira

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, tulizeni watoto na kuku, niwasimulie habari za Bakili bin Abasi, kinyozi wa Songea, mshika wembe, mshinda ndevu, na vita alivyopigana na kutu mara tu bunduki za Wadachi, wale Wajerumani walioiteka Songea, ziliponyamaza.

Vita vilipoanza, Bakili aliufukia wembe wake chini ya kizingiti akakimbilia porini. Aliporudi akaufukua, akaukuta umeliwa na kutu, na kinoo chake, jiwe la kunolea alilolinunua Kilwa, hakikuonekana tena. Akawa analima kama wengine, hata asubuhi moja Bibi Zabibu akamjia. Binti yake Subira alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza nyumbani mwao tangu vita na njaa vichukue nusu ya watu wao, na kesho ilikuwa siku ya kumnyoa nywele za uchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sikiliza, kinyozi. Kichwa kile ni laini kama yai lililomenywa, na nyumba yetu imekwisha kuona damu. Likimtoka tone moja, nitakutangaza mpaka Tunduru. Kama huwezi, sema, nitumie kigae cha chupa."

"Bibi, chupa na ikae jalalani. Mimi nashuka mtoni, na sipandi bila jiwe."

Akashuka Luhira peke yake, wembe kiunoni. Jiwe la kwanza, jekundu, la kunolea majembe, likauachia wembe meno kama ya msumeno. La pili lilikuwa laini mno. Lilipopata maji likamomonyoka likawa tope. Bakili akaketi majini, amefadhaika, akimfikiria yule mtoto. Ndipo akaona jiwe jeusi, akalipitishia ukucha, kisha shavu, asisikie chembe.

Akalilowesha, akaulaza wembe, mgongo na makali vikiligusa jiwe pamoja, akausukuma makali yakitangulia, akaugeuza, akaurudisha. Akaujaribu mkononi, malaika, vile vinyweleo laini, hayakutikisika. Akarudi kwenye vita vyake na kutu. Jua lilipoinama, malaika ya mkono wake yakaanguka yote kama jeshi lililovunjika, naye akaumalizia wembe kwenye mkanda wake wa ngozi.

Kesho yake, mbele ya ukoo mzima, Subira akampakata mwanawe, na Bakili akanyoa bila kuvuta pumzi. Mtoto akapiga mwayo. Bibi Zabibu akapitisha kiganja juu ya kile kichwa, akakitazama kiganja, akapitisha tena.

"Hamna kitu," akasema. Akaketi chini akalia, yeye ambaye muda wote wa vita hakuna aliyemwona akilia.

Wazee waliokuwapo wakajishika videvu, wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine mpaka barabarani. Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba hivyo ndivyo Songea ilivyotekwa mara ya pili, safari hii kwa jiwe la mtoni, na hakuna aliyekimbia.