Nepi ya Volkano

Jumatano, 15 Novemba

Balaa! Jana, kwenye chai ya jioni kwa Bi Ercilia, mjane muuza sufi, Nibaldo mwoka mikate alijisifu mpaka nikachoka. Nikaropoka kwamba volkano yetu nimeipanda mara saba. Leo Bi Ercilia ametuandikisha sote watatu kwenye msafara wa kuipanda Jumamosi! Nimezaliwa hapa Pucón, mlima nauona dirishani ukifuka moshi, theluji yake sijawahi kuikanyaga. Na Bi Ercilia hapendi waongo. Nikiumbuka, nimempoteza.

Alhamisi, 16 Novemba

Mazoezi. Nimepanda na kushuka ngazi za kanisa na gunia la viazi mgongoni. Padri akauliza kama ni sadaka. Nikaitikia ndiyo. Gunia limebaki kanisani.

Ijumaa, 17 Novemba

Alfajiri, shangwe! Mlima umevaa kofia! Hapa hata mtoto anajua: wingu likikaa kileleni namna ile, mvua inakuja, hakuna msafara. Nikaenda kwa Bi Ercilia na sura ya msiba. Nikamwambia ningekuwa peke yangu, ningepanda hivyo hivyo. Adhuhuri kofia ikatoweka. Mlima msaliti!

Jioni tukaenda kujaribu vifaa. Kiongozi wetu, Millaray, binti asiye na mchezo, akanipa viatu, helmeti, shoka la barafu, barakoa ya gesi. Sawa. Kisha akanipa kitambaa kigumu cha kufunga makalioni. Nepi! Nibaldo anacheka. Nikaelewa: njama yake. Nikairudisha kwa sauti kubwa, nikasema aliyepanda mara saba havai nepi, apewe mwoka mikate. Bi Ercilia akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi.

Kileleni nilifika, roho mkononi. Kumbe kushuka, watu wote huserereka kwa makalio kwenye mifereji ya theluji! Wote! Tangu zamani! Ndiyo kazi ya nepi. Suruali yangu iliishia njiani, na ngozi ikafuata. Bi Ercilia alicheka mpaka akakaa chini.

"Mara saba, Bwana Evaristo? Na zote bila nepi?"

Nikakiri. Machozi yalinitoka, nusu ya aibu, nusu ya baridi. Akasema anayekubali kosa si mwongo kamili. Akanifunga shali yake kiunoni, akanishika mkono mbele ya Nibaldo! Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 19 Novemba

Bi Ercilia kaniletea supu na marhamu. Nimemwapia: uongo basi, mpaka kaburini.

Kisha akaingia Nibaldo na mkate wa pole. Akatangaza kwamba Januari ataogelea kuvuka ziwa letu. Bi Ercilia akasema, "Jamani, ushujaa huo!"

Nikajisikia nikisema, uso kwenye mto wa kitanda, kwamba ziwa lile mimi nalivuka kila mwaka, na upepo ukiwa mzuri narudi vilevile.

Bi Ercilia ametoka mbio kwenda kutuandikisha.

Kesho nitamwuliza padri kama ana pipa kubwa la kujifunzia kuogelea.