Kitundikio cha Blanketi la Mama Laure

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Vumbi. Nina siku tano za kuokoa blanketi!

Mama Laure, mke wangu, ameamua kuliuza. Alinitangazia asubuhi akichekecha unga wetu wa mwisho, kwa sauti ile ile anayoniambia nifunge mlango. Mama Henriette, mfanyabiashara wa Lubumbashi, anakuja Jumamosi na gunia la unga, ataondoka na blanketi. Nikasema sawa. Si sawa hata kidogo.

Tangu kampuni ya migodi iache kutulipa mishahara, mke wangu ameuza vitenge vyake kimoja kimoja. Kabla ya kuuza kila kimoja alikata ukanda wa vidole vinne pembeni, akauficha. Mungu amsamehe, wanunuzi hawakugundua. Kanda hizo ndizo zilizoshonwa zikawa blanketi. Kitenge cha harusi yetu. Cha ubatizo wa Laure, binti yetu aliyeolewa Kakanda. Cha marehemu mama mkwe. Nimelala chini yake miaka miwili, najua kila ua lilipo.

Mpango wangu: kitundikio cha mbao, kisimame sebuleni, blanketi likae juu yake. Kitu kikishapata mahali pake nyumbani, nani ana moyo wa kukitoa? Mimi ni mchoraji wa ofisi ya mipango, miaka kumi na tisa. Nimechora mitambo mizima. Kitundikio kitanishinda?

Jumanne, 6 Septemba

Mchoro tayari. Sura ya mbele, ya ubavuni, ya juu. Miguu miwili, fito tatu. Vipimo kwa wino mwekundu. Mzuri mno, nimeona haya kuukunja.

Mbao sina. Nikamsimamisha muuza makaa anayetoka Kapolowe. Baiskeli yake ilibeba vipande vya mulombwa, ule mti wa moyo mwekundu, vibichi kabisa. Nikampa mwavuli wangu. Mvua iko wapi mwezi wa tisa? Alikubali haraka mno. Hilo linanisumbua kidogo.

Mama Laure akauliza kuni hizo za nini. Nikajibu ni siri. Akanikumbusha kwamba siri yangu iliyopita ilikuwa sungura kumi, na wote walihamia kwa jirani yetu Evariste. Nikazibeba mbao nyuma ya nyumba. Mwenye mpango hajibu.

Jumatano, 7 Septemba

Nimeazima msumeno kwa huyo huyo Evariste. Ni seremala, siku hizi anatengeneza majeneza, kazi isiyokosa wateja. Mwaka wa 1973, kabla sijaoa, alicheza rumba tatu mfululizo na Rosalie wangu, Mama Laure wa leo. Tatu! Yeye amesahau. Mimi sijasahau.

Alitazama mchoro wangu juu chini, akauliza kama ni daraja.

Mguu wa kulia ulizidi. Nikapunguza. Wa kushoto ukazidi. Nikapunguza. Kufikia jioni kitundikio kilichopaswa kunifika kifuani kinanifika kiunoni. Nimesahihisha mchoro. Sasa vipimo vyote vinalingana.

Alhamisi, 8 Septemba

Siku ya kumalizia. Nimesugua mbao kwa majani ya msasa mpaka zikateleza. Vidole vyangu pia.

Vanishi hakuna mjini kote. Ndipo nikapata wazo! Nimechemsha magome ya mulombwa kwenye kopo la maziwa. Maji yametoka mekundu kama divai ya misa. Nimepaka mara mbili. Bila kulipa hata senti! Kitundikio kinang'aa, kinafaa kuwekwa nyumbani kwa askofu.

Evariste akachungulia juu ya ua. Akasema: "Gaston, bankambo yetu balikuwa banatia rangi ku rafia na hii mayi. Na weye unapakala ku kintu ya kutundika manguo?"

Ati ni maji ya mababu ya kutilia rafia rangi! Wivu mtupu. Rumba tatu hazikumtosha.

Ijumaa, 9 Septemba

Mama Laure amefua blanketi ili mnunuzi alikute safi. Hakutaka msaada. Nilimwona akipitisha kidole kwenye ukanda wa mama yake, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Jioni nikamwambia afumbe macho. Nikaleta kitundikio. Akafumbua. Akashika fito ya juu, akauliza kama nimekitengeneza kwa ajili ya blanketi lake. Nikasema ndiyo, sasa lina mahali, haliendi popote.

Akanivuta sikio, kama zamani tukiwa wachumba. Halafu akasema polepole: "Baba Laure, sasa tutakula nini?"

Hilo sikuwa nimelichora. Kwa aibu nikachukua blanketi, bado limelowa, nikalitundika mwenyewe likauke.

Jumamosi, 10 Septemba

Ole wangu! Mistari mitatu myekundu kwenye blanketi, mmoja kwa kila fito, kutoka upande huu hadi ule. Tumesugua kwa sabuni. Kwa majivu. Kwa ndimu. Ndimu imeikoleza.

Saa nne Mama Henriette akafika, gunia kwenye mkokoteni. Alikunjua blanketi, akalikunja. Akasema mteja wake hawezi kulalia kitu chenye alama ya damu. Mama Laure akaketi, akajifunika uso kwa kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kuliokoa blanketi nilitaka, lakini si hivi, si kwa kumnyima mke wangu chakula.

Mama Henriette alikuwa mlangoni aliposimama. Akakizunguka kitundikio mara mbili. Akasema: "Na hii? Hii njo ya kuonyeshea bilamba yangu ku soko." Alitaka kutundikia nguo zake za biashara.

Nilikuwa bado nakohoa kwa mshangao, Mama Laure ameshafunua uso na kudai gunia zima. Wakapatana nusu. Mke wangu, mwaminifu kupita kiasi, akamwonya asitundike kitu kilicholowa.

Basi: blanketi limebaki, unga umeingia. Yote kama nilivyopanga! Karibu yote. Tumekula bukari, ugali wetu, mpaka sufuria ikang'aa.

Jumapili, 11 Septemba

Baada ya misa Mama Laure alijifungia na sindano. Alipotoka, mistari haionekani. Imefunikwa kwa kanda za bluu. Nikaitazama bluu ile. Koti langu la kazi! Lile nililopiga pasi na kulitunza kwa siku kampuni itakapotuita! Mfuko wenye jina langu ameushona katikati kabisa.

Nikafoka. Nitavaa nini wakituita? Akaningoja nimalize. Akasema: "Mu hii blanketi muko mama yangu, muko Laure. Weye tu njo haukukuwa."

Kumbe mimi tu sikuwa na ukanda humo. Nampenda mwanamke huyu, na niandike hapa, maana kwa mdomo sikuweza.

Mchana tumelala chini yake, watu wazima, mlango umefungwa. Aliposinzia nikanyanyuka kidogo kidogo. Blanketi sasa halina pa kukaa, na nyuma ya nyumba vimebaki vipande vitatu vya mulombwa. Akafumbua jicho moja, akanivuta mkono, akanirudisha chini. Nimerudi. Lakini mchoro umeshaanza kichwani: fito nne, na kosa nimeliona. Nilipaka mara mbili tu. Safari hii ni mara tatu.